Kabla ya Waya Kuwekwa Kichwani: Kiswahili na Utafiti wa Ubongo

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya msemaji asiropoke mbele za watu. Hata hivyo, uko uwanja mmoja wa elimu ambamo maana yake imepata uzito mpya, nao ni uwanja wa kuutafiti ubongo kwa kupitisha mkondo hafifu wa umeme juu ya ngozi ya kichwa, bila kupasua fuvu wala kumlaza mtu kwa nusukaputi. Mtafiti anayejikwaa ulimi katika uwanja huo hamuudhi msikilizaji tu. Humnyima haki ya kujua kinachofanywa kichwani mwake.

Jambo lenyewe si la kichawi. Vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, kila kimoja kikiwa kimebeba elektrodi. Kifaa kidogo kinachotumia betri hupitisha mkondo wa miliampea 1 au 2 hivi, kwa muda wa dakika 20 au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya mkondo huo huishia katika ngozi na fuvu, na kiasi kidogo tu huufikia ubongo. Kiasi hicho hakizilazimishi seli za neva kufanya kazi, bali huzifanya ziwe tayari zaidi, au zisiwe tayari sana, kuitikia jambo ambalo mtu analifanya wakati huo. Wazo la kutumia umeme kutibu kichwa ni la kale, kwani katika karne ya kwanza tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika juu ya kutumia samaki mwenye umeme kutuliza maumivu ya kichwa. Lakini utafiti wa kisasa ulishika kasi kuanzia mwaka wa 2000, pale Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipoonyesha kwamba mkondo hafifu uliopitishwa juu ya kichwa uliweza kubadili utayari wa sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo wa viungo.

Tangu hapo uwanja huu umekuwa mmojawapo wa nyanja zinazowavutia watafiti wa baada ya uzamivu, yaani wasomi waliokwisha kupata shahada ya uzamivu na ambao huajiriwa kwa mkataba mfupi, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, ili kukomaa katika maabara ya mtaalamu mwingine. Hujifunza kuiweka elektrodi mahali panapostahili, kukadiria njia ya mkondo ndani ya kichwa na kulinganisha makundi ya washiriki. Lugha ya kazi hiyo yote ni Kiingereza, na kwa hiyo mtafiti wa Afrika Mashariki anayefunzwa huko hurudi na ujuzi wa kutosha wa mitambo, lakini bila hata sentensi moja ya Kiswahili iliyopimwa na kuaminika ya kumweleza mshiriki wake wa kwanza.

Ni vyema suala hili litazamwe kutoka mahali mahususi, na Kwa Vonza panafaa. Katika eneo hilo la Kaunti ya Kitui ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, maarufu kama SEKU. Chuo hicho kilianza mwaka wa 2008 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo, kikapata hati ya kujitegemea mwaka wa 2013. Ni chuo kilichozungukwa na vijiji vya wakulima na wafugaji katika nchi kame. Wengi wa wanavijiji hao huzungumza Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na zahanati, na Kiingereza kwa nadra. Mtafiti wa ubongo akiwatoka wanafunzi, ambao ndio washiriki wa kawaida wa tafiti za aina hii duniani, na kuingia vijijini, hapo ndipo atakapokutana na swali la lugha. Wala asidhani kwamba vifaa vyake haviwezi kufika huko. Kifaa cha mkondo hafifu hakihitaji jengo maalumu kama mashine kubwa za kupiga picha za ubongo. Kinabebeka katika mkoba, kinatumia betri, na kuna aina zake ambazo tayari huuzwa kwa watu binafsi kupitia intaneti.

Makala haya yanadai kwamba maneno yanapaswa kutangulia waya. Utafiti wa ubongo wa msemaji wa Kiswahili hauwezi kuwa wa haki, wala matokeo yake hayawezi kuaminika, endapo lugha italetwa mwishoni, siku chache kabla ya kazi kuanza, kwa njia ya fomu iliyotafsiriwa harakaharaka. Iko milango mitatu ambayo utafiti huu hauna budi kuipitia, nayo ni ridhaa, uchujaji na upimaji. Ufunguo wa kila mmoja ni lugha.

Mlango wa kwanza ni ridhaa. Kanuni ya Nuremberg ya mwaka wa 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka wa 1964 ziliweka msingi kwamba mtu asifanyiwe utafiti wa kitabibu bila kukubali kwa hiari, akiwa ameelewa. Sasa na atazamwe mama mzee wa kijiji kimojawapo jirani na Kwa Vonza, ambaye amepatwa na kiharusi, naye anaombwa kushiriki. Ataambiwa nini? Akiambiwa kwamba atapitishiwa umeme kichwani, neno lenyewe litamtisha kabla ya maelezo kumfikia, kwa kuwa katika Kiswahili umeme ni nguvu inayowasha taa na pia ni ule mwako wa mbinguni unaotangulia ngurumo. Akiambiwa kwamba ni stima, kama wasemavyo Wakenya wengi, atakumbuka nyaya zilizoanguka na watu waliokufa kwa kuzigusa. Tena huenda akaichanganya kazi hii na ile tiba ya umeme inayoleta mtukutiko, iliyobuniwa Roma mwaka wa 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Tiba hiyo ni jambo jingine kabisa. Hutolewa hospitalini, siku hizi chini ya nusukaputi, kwa mkondo wa takriban miliampea 800 au 900, ilhali huu unaozungumziwa hapa hauzidi miliampea chache.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Mtafiti anayeogopa kukosa washiriki anaweza kuliepuka neno umeme na kusema tu kwamba analeta tiba ya ubongo. Kwa kusema hivyo atakuwa amedanganya, kwani matokeo ya uwanja huu bado yanapingana. Mwaka wa 2018 utafiti wa Marekani uliohusisha watu 74 waliopoteza uwezo wa kusema baada ya kiharusi ulionyesha dalili za kutosha za kuendelea kuchunguza, si za kutangaza ushindi. Mwaka wa 2023 utafiti wa Ujerumani uliohusisha watu 160 wenye sonona, ambao walikuwa tayari wakitumia dawa, haukuona tofauti kati ya waliopata mkondo na wasioupata. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa watu 174 wa Uingereza na Marekani, waliotumia kifaa nyumbani kwao, uliona nafuu baada ya majuma 10. Kuhusu usalama hali ni bora zaidi, kwa maana mapitio ya mwaka wa 2016 yaliyokusanya vikao zaidi ya 33,000 hayakukuta madhara makubwa pale taratibu za kawaida zilipofuatwa. Yaliyo ya kawaida ni kuwashwa, wekundu wa ngozi na pengine kuumwa kichwa. Ukweli wote huu unaweza kusemwa kwa Kiswahili, ila haujiandiki wenyewe.

Kitenzi kinachoitaja kazi yenyewe nacho kina mitego. Kuchochea ubongo ni tafsiri inayokuja kwa haraka, lakini kuchochea ni kazi ya moto na ya ghasia, na uchochezi ni kosa la jinai. Kuzindua humfaa mtu aliyezirai, na siku hizi vitabu na miradi, hivyo mshiriki anaweza kudhani anaambiwa kwamba ubongo wake umelala. Kusisimua kunakaribia zaidi, kwani mwili husisimka kwa baridi au kwa habari nzito kisha hutulia, nalo ni neno ambalo tayari lina makao katika maandishi ya biolojia. Hata hivyo, neno zuri halitoshi. Mama mzee hahitaji istilahi bali maelezo. Aambiwe, kwa mfano: “Mama, vipande viwili vya sponji yenye maji ya chumvi vitawekwa juu ya ngozi ya kichwa chako. Umeme mdogo sana wa betri utapita kwa dakika 20. Hutalazwa usingizi. Huenda ukahisi kuwashwa. Hatujui bado kama utakusaidia, na hiyo ndiyo sababu ya kuuchunguza. Ukisema basi, wakati wowote, kifaa kitazimwa, na matibabu yako ya kawaida hayatapungua.” Hamna neno gumu hapo, lakini kila sentensi ina hukumu ndani yake kuhusu lipi lisemwe na lipi lisifichwe.

Ugumu zaidi uko katika kundi la kulinganishia. Nusu ya washiriki huwekewa sponji zilezile, mkondo ukawashwa kwa sekunde chache ili nao wahisi kuwashwa, kisha ukazimwa pasipo wao kujua. Mtafsiri mwepesi ataandika kwamba kundi hilo hupata mkondo bandia. Katika nchi ambayo watu huonywa kila mara juu ya dawa bandia, mbegu bandia na noti bandia, neno hilo litawafanya washiriki waamini kwamba wametapeliwa. Mkondo wa kulinganishia ni jina lenye staha zaidi, mradi tu ielezwe waziwazi kwamba kura ndiyo itakayoamua nani awe kundi gani, na kwamba hata anayewapima hatajua.

Lugha pia humpa mshiriki cheo chake. Toleo la mwaka wa 2024 la Azimio la Helsinki liliacha lile neno la Kiingereza linalomfanya mtu kuwa kitu cha kuchunguzwa, likachagua neno lenye maana ya mshiriki. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hashangazwi na hilo. Anajua tofauti kati ya mtafitiwa, ambaye kiambishi cha kutendwa kimemweka chini ya mikono ya mwingine, na mshiriki, ambaye ana fungu lake katika kazi. Anajua pia kwamba idhini hutolewa na mwenye mamlaka, ilhali ridhaa hutoka moyoni mwa mhusika. Chifu anaweza kutoa idhini ya mkutano kufanyika, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya kichwa cha mtu mwingine.

Mlango wa pili ni uchujaji. Kwa ajili ya usalama, watu wenye historia ya kifafa, au wenye chuma kichwani, kwa kawaida hawaingizwi katika tafiti hizi pasipo tahadhari maalumu. Kwa hiyo kila mshiriki huulizwa kama ana kifafa. Swali hili linaonekana jepesi, lakini katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kifafa ni jina linaloweza kumvunjia mtu posa au kumtoa mtoto shuleni, na jibu la haraka ni la. Isitoshe, majina ya maradhi hayagawanywi na jamii kama yanavyogawanywa na vitabu vya tiba. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi wazazi walivyoitambua degedege kuwa ugonjwa wa pekee, ambao wengi hawakuuhusisha na malaria, na hivyo waganga wa jadi wakawa kimbilio. Mama aliyewahi kuugua degedege utotoni anaweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba hajawahi kuwa na kifafa. Swali lenye manufaa ni lile linalouliza kilichotokea, si jina lake, yaani kama amewahi kuanguka bila kujijua, kutetemeka viungo, kuuma ulimi au kuambiwa na wenzake kwamba alipotewa na fahamu. Kutunga swali la namna hiyo ni kazi ya isimu jamii kama ilivyo ya tiba.

Mlango wa tatu ni upimaji. Watu waliopoteza usemi baada ya kiharusi hupimwa kwa kuonyeshwa picha wakaombwa kuzitaja. Kipimo mashuhuri kilichotoka Boston, Marekani, kina picha za mnyama ajengaye mabwawa katika mito ya nchi za baridi, nyumba ya theluji, na mkate wa chumvi uliopindwa mfano wa fundo. Mkulima wa Kitui akishindwa kuzitaja picha hizo, kilichopimwa si ubongo wake, bali umbali kati ya Kwa Vonza na Boston. Mbuyu, kinu, mchi, kibuyu na punda zingefaa zaidi. Hata hivyo, kubadilisha picha peke yake hakutoshi, kwani Kiswahili kina ngeli na mnyambuliko wa vitenzi ambao Kiingereza hakina. Mgonjwa anayesema “kiti imevunjika” amepoteza upatanisho kwa sababu ya kiharusi, au ndivyo alivyozungumza maisha yake yote, kama wengi wanaojifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama? Daktari wa neva hana jibu. Mhadhiri wa Kiswahili analo, au anajua jinsi ya kulitafuta kwa kuwasikiliza majirani wa mgonjwa huyo ambao ni wazima.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba nchi kame yenye shida ya maji haina haja ya kufikiria umeme wa kichwani. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa hakika hakuna atakayedai kwamba kifaa hiki kitangulie kisima au zahanati. Lakini kiharusi na sonona havingoji mabomba yafike, na utafiti ukiwakwepa watu wa Kwa Vonza hautawapa maji kwa kuwakwepa. Utawaacha tu nje ya maarifa yatakayotumiwa kesho kuamua nani atibiwe na kwa njia gani. Hata elektrodi zinatoa funzo hilo. Zile za kawaida zilibuniwa bila kufikiria nywele nzito zilizosokotana, hata wanafunzi na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakiongozwa na wazo la Arnelle Etienne, wakabuni vibanio vya kupimia umeme wa ubongo vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Mtu aliyesahauliwa wakati wa kubuni hulaumiwa baadaye kwamba kichwa chake hakipimiki.

Wengine watasema kwamba katika Kitui Kikamba ndicho kinachohitajika, si Kiswahili. Hao wana haki nusu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaiagiza serikali kuzilinda na kuzikuza lugha nyingine za wananchi. Kiswahili hakina budi kuwa daraja, si ukuta. Maelezo yaliyokwisha kunyooshwa kwa Kiswahili humwia rahisi mwanafunzi Mkamba kuyapeleka kwa nyanya yake, kwa kuwa lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu na hushirikiana katika ngeli na minyambuliko. Mfano wa karibu uko katika kaunti jirani ya Makueni. Huko, katika muongo wa 2010, watafiti wa afya ya akili wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwashirikisha wahudumu wa afya wa jamii, waganga wa jadi na viongozi wa dini katika kuwatambua wagonjwa na kuwaelekeza kwenye vituo vya afya. Kazi hiyo haikuhusu umeme hata kidogo. Ilihusu kusikilizana, na ilionyesha kwamba watu wa vijijini si kikwazo kwa elimu ya ubongo wanapozungumzwa nao kama watu.

Basi nini kifanywe? Kwanza, idara za Kiswahili zisingoje kuletewa fomu za kutafsiri. Ziombe kuwamo tangu pendekezo la utafiti linapoandikwa, na malipo ya kazi ya lugha yatajwe katika bajeti sawa na malipo ya vifaa. Pili, wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili wahimizwe kuandika tasnifu juu ya ridhaa, maswali ya uchujaji na vipimo vya usemi, kisha wazijaribu sentensi zao kwa kuwaomba wasikilizaji wazieleze upya kwa maneno yao. Msikilizaji akikosea, kosa ni la sentensi. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye majina ambayo watu wenyewe huyatumia kwa kuanguka, kupooza, kusahau na kushindwa kusema, katika Kiswahili na katika lugha jirani. Kazi ya istilahi ina historia ya heshima, na mfano mmoja ni kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1990. Lakini kamusi humtumikia mtaalamu. Mshiriki anahitaji zaidi ya hapo.

Nne, wasomi wa Kiswahili wenyewe waone kwamba utafiti wa baada ya uzamivu si mali ya wahandisi na madaktari pekee. Maabara inayochunguza lugha katika ubongo inamhitaji mtu anayeijua lugha hiyo kwa undani, na msomi aliyebobea katika mofolojia ya Kiswahili anaweza kuijaza nafasi ambayo mwenye kifaa hawezi.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti wa ubongo ni mgeni anayekuja na kifaa chenye ahadi isiyokwisha kuthibitishwa. Mwenyeji atapona, au walau hatadhurika, endapo atakapoulizwa kama anakubali atakuwa ameelewa swali. Kulitunga swali hilo ni jukumu la watu wa lugha, na siku ya kulianza ni kabla mgeni hajabisha hodi.